Ziwa Lilirudi Nyuma, Jiwe Likabaki: Kumbukumbu za Kigoma na Ujiji

Mgeni anayefika kwenye mnara wa Livingstone pale Ujiji huuliza kwanza: ziwa liko wapi? Tangu darasani alifundishwa kwamba Henry Morton Stanley alimkuta daktari yule kando ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo anatarajia kusikia mawimbi. Anachokuta ni uwanja uliotulia, miembe miwili mikubwa, jiwe lenye ramani ya Afrika iliyochongwa na msalaba juu yake, bamba la maandishi ya Kiingereza, na nyumba ya makumbusho ambamo sanamu mbili za wanaume wa Kizungu zinasalimiana. Ziwa lenyewe liko chini huko, mbele ya nyumba na mashamba ya watu. Ukitaka kuligusa, utembee.

Jiwe halikukosewa mahali. Ziwa ndilo lililohama. Katika miaka ile ya msafara wa Stanley maji ya Tanganyika yalikuwa juu kuliko leo, na sababu yake iko upande wa pili, katika nchi ya Kongo. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, unaoelekea magharibi hadi kwenye mfumo wa Mto Kongo. Mwezi Mei 1874 Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliufikia mlango huo akaukuta umezibwa na magugu na matope. Miaka miwili baadaye Stanley, akilizunguka ziwa kwa mashua, alikuta maji bado hayajapata njia. Mito ilizidi kuingia, ziwa likazidi kupanda. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kile kilivunjika, na maji yakaanza kutoka kwa kasi. Katika muda usiozidi miaka 20 ziwa lilishuka kwa takriban mita 10. Mahali palipokuwa pwani pakawa shamba.

Tunayajua haya kwa sehemu kwa sababu ya alama ambayo hakuna mgeni anayeonyeshwa. Edward Coode Hore, baharia aliyekuja na wamisionari wa London Missionary Society wakafika Ujiji mwaka 1878, aliweka pale ufukweni alama ya kupimia kina mwaka uliofuata, akawa anaandika jinsi maji yanavyoiacha. Alama ile haikumsifu mtu yeyote. Iliwekwa ili kujua ziwa linafanya nini, jambo ambalo kila mvuvi, kila mwenye mtumbwi na kila mwenye shamba la ufukweni alihitaji kulijua. Kama ningeulizwa ni kumbukumbu gani ya Ujiji ningependa irudishwe leo, ningeanza na hiyo. Hasa sasa, ambapo ziwa limepanda tena katika miaka hii ya 2020 na kuingia kwenye nyumba za watu kuanzia Bujumbura hadi Kalemie. Kijana wa Kibirizi au Katonga anayeona maji yakisogelea banda la kukaushia dagaa ana haki ya kujua kwamba babu zake waliliona ziwa hili likienda mbele na kurudi nyuma.

Lakini jiwe la Ujiji halisemi habari za maji. Linasema kwamba chini ya mwembe uliokuwepo hapo Stanley alikutana na Livingstone, tarehe 10 Novemba 1871. Mwembe wenyewe ulikufa zamani, na miwili iliyopo inasemekana ni vizazi vyake. Tarehe nayo ina utata. David Livingstone alikuwa ameugua na kutangatanga kwa muda mrefu hata hesabu ya siku ikampotea, na kwa kumbukumbu zake yeye mgeni alifika mwishoni mwa Oktoba. Katika shajara ya Stanley ukurasa wa mkutano ule umechanwa, na maneno maarufu ya salamu yanayorudiwa dunia nzima tunayapata katika yale aliyoyachapisha baadaye. Jiwe limeandikwa kwa uhakika kuliko ule waliokuwa nao wahusika.

Na kuna jiwe jingine. Ukivuka mpaka ukaenda Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura, utakuta jabali kubwa lililochorwa majina ya watu hao hao wawili na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wapo wanaowaambia watalii kwamba salamu ile mashuhuri ilitolewa hapo. Sivyo. Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji, walipanda mtumbwi kwenda kaskazini kutazama kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, na njiani wakalala Mugere. Wakagundua Rusizi unaingia. Jabali la Burundi linasema kweli juu ya kituo cha safari, na kosa liko kwa wasimulizi. Hata hivyo naipenda habari ya mawe haya mawili, kwa maana inaonyesha jinsi miji ya ziwa hili ilivyotafuta heshima kwa kupitishwa na wageni. Kila mmoja unataka kuwa pale waliposimama Wazungu wawili.

Basi tuulize nani mwingine alikuwa pale.

Mtu wa kwanza kumsalimia Stanley Ujiji hakuwa Livingstone. Msafara ulipokuwa ukishuka mlimani kwa milio ya bunduki na bendera ya Marekani mbele, mtu mmoja alitoka katikati ya umati akamwamkia kwa Kiingereza. Huyo ni Abdallah Susi, mwenyeji wa Shupanga kwenye Mto Zambezi, mtumishi wa Livingstone tangu miaka ya 1860. Akafuatia James Chuma, Myao aliyeokolewa akiwa mtoto mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861. Nyumbani alikuwepo Halima, mpishi, ambaye siku ile alihangaika kuandaa chakula cha mgeni kwa furaha ambayo Stanley mwenyewe aliisimulia. Miezi 18 baadaye Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, Halima akiwa miongoni mwao, waliukausha mwili na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Bila wao kaburi la Westminster Abbey lisingekuwa na mtu.

Yupo mwingine ambaye kwangu ana haki ya jiwe lake mwenyewe. Sidi Mubarak Bombay alizaliwa Myao, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa Gujarat nchini India akaishi huko utumwani miaka mingi. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Unguja akawa askari. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walimchukua. Februari 1858 walipofika Ujiji, Burton miguu imekufa ganzi na Speke macho yamevimba hata akashindwa kuliona vizuri ziwa alilolifuata, Bombay alikuwa pamoja nao. Mwaka 1871 alikuwa kiongozi wa askari katika msafara wa Stanley, akafika Ujiji mara ya pili. Mwaka 1874 aliingia tena akiwa na Cameron, na kutoka hapo wakaendelea hadi pwani ya Atlantiki, Angola. Katikati ya safari hizo alikwenda na Speke na James Grant hadi Mto Nile. Hesabu vizuri: Burton alifika Ujiji akaondoka moja kwa moja, Livingstone alifika akafia mbali, lakini Bombay alikuwepo katika misafara mitatu iliyoutia mji huu kwenye ramani za Ulaya. Katika uwanja ule ule wa makumbusho Burton na Speke nao wana mnara wao.

Nayasema haya bila kuwabeza Livingstone na wenzake. Yule mzee alirudi Ujiji Oktoba 1871 akiwa amevunjika moyo, kwa sababu tarehe 15 Julai alishuhudia kwa macho yake watu wa soko la Nyangwe, katika Kongo ya leo, wengi wao wanawake, wakimiminiwa risasi na wafanyabiashara wa pwani. Maandishi yake juu ya siku ile yalisaidia kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Lakini yeye mwenyewe, kama ilivyo katika maandishi yake, aliwataja watu wake kwa majina. Jiwe limesahau alichokumbuka yeye.

Kabla ya wageni hao Ujiji ulikuwa mji wenye shughuli zake. Jina lilikuwa la nchi ya Wajiji. Makazi ya ufukweni yalikuwa na vitongoji vyake, Kawele na Ugoy, na katikati yao soko la kila siku. Pale palikutana chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, mbuzi, vyungu, nguo za merikani, na pembe za ndovu kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Fedha ya soko ilikuwa shanga ziitwazo sofi. Wapo waliokaa sokoni asubuhi na jioni kazi yao kubadilisha shanga nyingine na vitambaa kuwa sofi, na mwisho wa siku kurudisha. Cameron aliliona jambo hilo akaliandika. Ni biashara ya kubadilisha fedha ambayo mtu wa Kigoma wa leo, anayeshika faranga ya Kongo, faranga ya Burundi na shilingi yetu katika mkono mmoja, ataitambua bila kufafanuliwa.

Msafara kutoka Bagamoyo hadi hapa ulichukua miezi mitatu au zaidi, zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu. Mbele alitembea kirangozi na bendera, nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliojiajiri kwa ujira na posho, hodari wanaojua bei ya kazi yao na wanaogoma wakipunjwa. Kila nchi iliyopitwa ilidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Huu ndio uliokuwa uchumi wa nchi nzima, na ndio njia ambayo Kiswahili kilipita kikaingia ndani hadi Kongo. Lugha unayoisikia leo Kalemie, Kindu na Kisangani ilivuka ziwa katika mitumbwi na majahazi ya Ujiji.

Njia hiyo hiyo ilibeba watu waliofungwa minyororo, na kufunika jambo hili ni dhambi. Watu wa Manyema na wa pande za kusini mwa ziwa walivushwa, wakashushwa Ujiji, wengine wakabaki kufanya kazi mashambani na majumbani, wengine wakasukumwa kuelekea Tabora na pwani. Mtu mkubwa wa mji alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa pwani aliyekaa pale miongo kadhaa, akaoa katika ukoo wa wenyeji, na mwaka 1881 akapewa na Sultani wa Unguja, Seyyid Barghash, bendera na cheo cha liwali. Alifariki mwaka 1885. Alikuwa mwanasiasa mwenye subira na mfanyabiashara wa watumwa, vyote viwili kwa pamoja, na mji unaotaka kujieleza kwa ukweli hauna budi kumweleza hivyo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, pamoja na Ujiji, katika orodha ya awali ya kuombewa hadhi ya urithi wa dunia UNESCO. Orodha hiyo imebaki ya awali hadi sasa.

Uzao wa waliovushwa haukwenda popote. Wamanyema ni miongoni mwa jamii zilizoujenga Ujiji, kama walivyojenga vitongoji vya Tabora na Dar es Salaam, na ukoo unaweza kuwa na mjomba Kongo, shangazi Ujiji na binamu Kariakoo. Miembe iliyopandwa kandokando ya njia bado inatoa kivuli. Wenyeji wengi husema ilitokana na kokwa zilizotupwa na misafara. Iwe ilipandwa au iliota, imesimama pale bila bamba, na kila mtoto wa mji anaijua.

Kisha Ujiji ukapitwa. Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kati mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam, kituo cha mwisho kilichofikiriwa kilikuwa ziwa hili. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Wahandisi walipotazama ufukwe waliona Ujiji uko wazi kwa upepo na maji yake ni mafupi, tena yamezidi kurudi nyuma. Kilomita nane hivi kaskazini-magharibi palikuwa na ghuba ya Kigoma, yenye kina na iliyozungukwa na vilima. Februari 1914 treni ikaingia Kigoma. Mji uliokuwa mkubwa ukawa kitongoji cha kijiji kilichokuwa kidogo. Ndiyo maana jina la manispaa leo limeunganishwa, Kigoma Ujiji, na ndiyo maana ukiuliza mtu wa Ujiji ametoka wapi atakujibu Ujiji kwanza, na kama huna haraka atakuongezea Kigoma.

Stesheni ya Kigoma bado imesimama, na mimi naihesabu kuwa jengo zuri kuliko yote ya reli ile. Matao yake yanatazama mji, mgongo wake uko karibu na bandari, na mbele yake inaanza Barabara ya Lumumba inayopanda kilima kuelekea Mwanga chini ya vivuli vya miti. Jina hilo la barabara ni kumbukumbu yenye nguvu kuliko mabamba mengi. Mji wa Tanganyika ulichukua jina la waziri mkuu wa kwanza wa Kongo aliyeuawa Januari 1961, ukaliweka kwenye njia yake kuu, kwa sababu Kongo ni ng'ambo tu hapo, na msiba wa ng'ambo uliingia nyumbani. Mwezi Aprili 1965 Ernesto Che Guevara aliondoka Kigoma usiku kwa mashua kwenda kuwaunga mkono waasi wa Kongo, na Novemba akarudi kwa njia hiyo hiyo akiwa ameshindwa. Juu ya kilima kuna nyumba ya enzi za Wajerumani inayoitwa nyumba ya Kaisari. Inasimuliwa kwamba ilijengwa kumsubiri Mfalme Wilhelm wa Pili aje kuwinda, naye hakuja. Leo ni Ikulu ndogo.

Lakini kumbukumbu kuu ya Kigoma iko majini. Mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, meli iliundwa, ikafunguliwa vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kupakiwa kwenda Dar es Salaam. Mafundi watatu wa Papenburg, wakiongozwa na Anton Rüter, waliifuata. Masanduku yalipanda reli ambayo ilikuwa bado haijakamilika, na sehemu ya mwisho yalibebwa na watu. Pale Kigoma waliiunganisha upya msumari kwa msumari, wakati vita vya kwanza vya dunia vimeshaanza. Tarehe 5 Februari 1915 iliteremshwa majini, urefu wake mita 71 hivi. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen.

Tusipite jina hilo haraka. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Chini yake mashamba na maghala ya kusini yalichomwa ili watu wafe njaa. Meli kubwa kuliko zote za ziwa iliwekewa jina la mtu huyo miaka minane tu baada ya vita kwisha, na waliobeba vyuma vyake begani walikuwa ndugu wa waliokufa, ndugu kwa maana ya nchi moja na mateso ya aina moja.

Waingereza nao walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakazivuta kwa reli na kwa barabara waliyoikata msituni kutoka Afrika Kusini hadi upande wa Kongo. Siku moja baada ya Krismasi ya 1915 waliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari iliyofuata wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Ndege za Wabelgiji zikaja kudondosha mabomu Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani, wakijua mji unaanguka, walipeleka Götzen karibu na mdomo wa Mto Malagarasi wakaizamisha wenyewe. Kabla ya hapo mafundi walizipaka mashine grisi nene. Yaani waliiweka meli akiba chini ya maji, na akiba hiyo ilimfaa adui yao.

Wabelgiji waliiinua, wakaileta Kigoma, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaiinua mwezi Machi 1924, wakaikuta mashine nzima. Mwezi Mei 1927 ilianza kazi kwa jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone aliliandika kuwa ndilo walilolitumia watu wa kusini kuliita ziwa upande wao. Kwa hiyo gavana alifutwa, na ziwa likarudishiwa neno lake. Sijui mabadiliko ya jina katika nchi yetu yaliyofaa kuliko hayo.

Tangu hapo Liemba imekuwa ikisafirisha watu kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama vijiji visivyo na gati. Meli hupiga honi, mitumbwi inajazana ubavuni, magunia ya mahindi na mananasi yanapandishwa, akina mama wenye watoto mgongoni wanaruka kutoka mtumbwini hadi kwenye mlango wa pembeni huku mawimbi yakipanda na kushuka. Katika miaka ya 1970 mashine ya mvuke iliondolewa, ikawekwa dizeli. Mwaka 1997 meli hii iliwarudisha nyumbani makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mei 2015, Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikaanza kuwaua, Liemba ndiyo iliyokwenda kuwachukua, safari baada ya safari, kuwaleta Kigoma. Chombo kilichotumika vitani ndicho kilichowaokoa waliokimbia vita. Katika miaka ya karibuni imewekwa pembeni kwa ukarabati, na vijiji vya kusini vinaijua tofauti hiyo kila siku ya gulio.

Nitaje pia jambo moja ambalo watu wengi wa Kigoma wanalipita bila kulijua. Mwaka 1921 Uingereza iliwakodisha Wabelgiji eneo bandarini Dar es Salaam na jingine hapa Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na ya Rwanda na Burundi ipite bila ushuru. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Bandari hii, tangu siku hizo, ilikuwa mlango wa nchi nyingine. Hata leo mbao, saruji, mafuta na nafaka vinavyopangwa gatini vinakwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie.

Sasa kuna kazi nyingine inayokuja. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Stesheni mpya itajengwa, na kwa desturi yetu siku ya uzinduzi litafunuliwa jiwe lenye jina la kiongozi na tarehe. Sina ugomvi na jiwe hilo. Ombi langu ni kwamba kabla halijachongwa, mji ujaze mapengo yake ya zamani.

Uwanjani Ujiji, karibu na ramani ile ya Afrika, pawekwe bamba la Kiswahili lenye majina: Bombay, Susi, Chuma, Halima, Wainwright. Lisiwe dogo wala lisiwe nyuma. Pembeni yake liwepo la pili linaloeleza kuhusu wapagazi na kuhusu waliovushwa wakiwa wafungwa, na kwa nini ziwa halionekani kutoka hapo. Ufukweni, pale maji yalipo leo, ipigwe nguzo ya kipimo kama ya Hore, na wanafunzi wa shule za jirani wapewe daftari la kuandika kimo cha maji kila mwezi, somo la jiografia na la historia kwa pamoja. Gatini, mahali Liemba inapofungwa kamba, paandikwe kwamba ilibebwa na nani hadi ikafika.

Lililo gumu zaidi haliwezi kusubiri wachongaji. Mabaharia na mafundi waliofanya kazi ndani ya Liemba ilipokuwa ya mvuke sasa ni wazee sana, na wengine wameshatangulia. Wako wanawake wa Kagunga na wa Kibirizi waliopokea wakimbizi wa 1972, wa 1996 na wa 2015 katika nyumba zile zile. Wako wazee wa Kitongoni na Kasingirima wanaojua babu wa babu yao alivushwa kutoka wapi, kwa mtumbwi wa nani. Kinasa sauti cha simu kinatosha kuanza. Walimu wa historia wa Kigoma, na vijana walio na likizo ya Desemba, waende kuwasikiliza, waandike majina kamili, vijiji na miaka, kisha nakala moja iwekwe maktaba ya mkoa na nyingine makumbusho ya Ujiji, karibu na zile sanamu mbili, ili mgeni anapomaliza kuwatazama wanaosalimiana apate watu wa mji wa kuwasoma.